Nguzo ya Taa Juu ya Mafiga ya Shangazi

Nilikuwa nikizunguka pwani, nabeba mizigo hapa, nafagia pale, mpaka nikafika kwenye mnara wa taa wa zamani. Hauongozi meli tena. Umepakwa chokaa, na wageni hukata tiketi kupanda ngazi zake. Juu kabisa kuna kioo kikubwa kinachofutwa kila asubuhi, ndani yake hakuna moto. Bahari ilikuwa imelala. Nikiitazama, niliona mbuga ya kijijini kwetu Michenga imejaa maji, na taa ya shangazi yangu inaelea juu yake.

Shangazi huiwasha kwenye dungu, kile kichanja kirefu cha miti tunachojenga shambani kulindia mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na kukibomoa kila baada ya mavuno. Tangu niache shule darasa la sita na kuanza kutangatanga, kila niliporudi jioni nikivuka tope, taa ile ndiyo iliyoniambia nyumbani ni wapi.

Basi nikaja Ifakara, nikachukua bodaboda, nikiwa na ombi moja: dungu la mwaka huu lisibomolewe.

Nilikuta mpunga umeshavunwa, na shangazi yuko juu ya dungu anafungua kamba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo upepo umekosea, umekuleta siku ya kazi! Shika huu mti."

Nikamweleza habari za mnara. Nikasema dungu tulipake chokaa, watu waje kuliona. Alicheka mpaka akakaa.

"Waje kuona nini, mchwa? Na huo mnara wako, taa inawaka?"

"Haiwaki."

"Basi ni marehemu aliyevalishwa vizuri. Vuta kamba, wewe."

Tukabomoa. Jua lilikuwa limelegea, yangeyange wakitembea polepole kwenye mabua kama watu waliosahau walichokuja kutafuta. Nguzo kubwa tuliibeba begani, yeye mbele mimi nyuma, kijiji kikielea katika vumbi la makapi.

Jikoni akanionyesha kwa kidevu niipandishe darini, juu ya mafiga. Mti ulioshiba moshi mchwa hawaugusi. Nilipoigeuza nikaona, karibu na ncha, kovu jeusi lililochomwa na taa ya chemli, ile ya utotoni mwangu, kabla hajanunua ya sola. Nikapitisha kidole. Miaka yote nilidhani kila dungu ni jipya, kumbe nguzo ilikuwa ileile.

"Siku hizi inanishinda," alisema, akijikanda bega. "Majirani walionisaidia wamegeukia miwa. Mpunga ukichanua, nani ataisimamisha?"

Mikono yangu ilikuwa bado juu, imeshika nguzo, moshi ukinipitia usoni.

"Mpunga siku hizi unachanua mwezi gani, shangazi?"

"Iulize mvua. Ila uwe karibu uisikie."

Nikaisukuma nguzo mpaka ikakaa sawa, kisha nikaenda kuliingiza begi langu ndani.