Msukuma Vitanda Anayeuliza Umemeza Nini

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Kitanda cha magurudumu kimesimama katikati ya korido, hatua chache kutoka mlango wa chumba cha upasuaji, na aliyekisimamisha hana cheo cha kusimamisha kitu humu ndani.

Kazi yake ni kusukuma. Miaka kumi na mmoja sasa anawatoa wagonjwa wodini na kuwafikisha mlangoni hapo, kumi na tano hadi ishirini kwa siku. Wenzake wanamwita Aspirini. Jina hilo halikuzuka tu, na tutafika huko.

Kitandani amelala mama fundi cherehani wa miaka hamsini na nane, shingo imevimba kwa tezi. Amesubiri zamu yake miezi saba. Kwenye fomu, palipoulizwa dawa anazotumia, pameandikwa: hakuna.

Msukuma vitanda hakutosheka na fomu. Walipotoka kwenye lifti alimwuliza kwa namna yake: "Mama, mgongo ukikuuma pale kwenye cherehani, huwa unameza nini?"

"Aspirini tu, mwanangu. Mbili asubuhi, mbili jioni. Hata jana nilimeza." Kisha akamshika mkono. "Lakini usinisemee. Wakinirudisha leo, zamu nyingine nitaipata lini?"

Ndiyo maana kitanda kimesimama. Mwezi uliopita alisimamisha kingine hivi hivi, kumbe mgonjwa alikuwa amemeza parasetamoli, ambayo haizuii upasuaji. Alipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha ratiba. Akipewa ya pili, anasimamishwa kazi, na nyumbani ana watoto watatu.

Mlango unafunguka. Daktari wa upasuaji anachungulia. "Vipi, mmelala huko?"

Mama anamkazia macho msukuma vitanda.

"Daktari, mama huyu anameza aspirini," anasema. "Nne kwa siku. Hata jana."

Mama anageukia ukutani na kulia.

Daktari wa usingizi anaeleza kwa nini neno hilo liliahirisha upasuaji. "Ukijikata, kuna chembe ndogo za damu zinazokimbilia jeraha, zinashikana na kuliziba. Aspirini inazizuia zisishikane, na chembe iliyokwisha kuguswa hairudi kuwa nzima. Mpaka mwili utengeneze nyingine, ni siku saba hadi kumi. Na shingo si mahali pa kubahatisha. Damu ikivujia ndani, inaweza kubana njia ya hewa."

Anaongeza kwamba aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asijiamulie kuiacha. Aseme, aamuliwe na daktari.

Sasa lile jina. Miaka sita iliyopita, dada mkubwa wa msukuma vitanda alilazwa wodi ya wanawake, afanyiwe upasuaji wa uvimbe wa kizazi. Siku chache kabla, mgongo ulimsumbua. Wasukuma vitanda, kwa migongo yao ilivyochoka, hawakosi vidonge vya aspirini mfukoni, na hupeana kama watu wanavyopeana peremende. Kaka mtu akawa anampa, siku hadi siku.

"Nilimpa kwa mapenzi," anasema. "Halafu nikamsukuma mwenyewe mpaka mlangoni."

Upasuaji wa saa moja na nusu ulichukua saa nne, na ziliingia paketi nne za damu. Yeye alikuwa ameketi sakafuni nje, akijua jambo ambalo waliokuwa ndani hawakulijua, na hakufungua mdomo. Aliogopa kufukuzwa. Alikuja kusema siku ya tatu, dada alipoweza kukaa. Madaktari walimwambia hakuna awezaye kuapa kwamba ni vidonge peke yake. Hilo halikumpoza.

Dada ndiye aliyempa jina, tena mbele ya wodi nzima. "Nilimwuliza, ulitaka kurithi nini kwangu, masufuria?" anasema dada huyo, akicheka mpaka anashika mbavu.

Mdogo wake hacheki. "Nilikuwa mwoga. Hilo ndilo jina langu hasa."

Siku alipomrudisha mama fundi wodini, mama alisema neno moja tu njia nzima: "Nilikuamini." Barua ya pili haikuandikwa, na muuguzi mkuu aliipigania zamu ya mama mpaka ikasogezwa tu, isifutwe. Mpango wa msukuma vitanda ni kuona fomu ikibadilishwa, iulize wazi: kichwa, jino au mgongo ukiuma, unameza nini? Ameshaomba mara mbili. Anasema ataomba ya tatu.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu upasuaji uahirishwe. Mama yuko kitandani tena, korido ile ile. Salamu haitikii.

"Umemeza nini, mama?"

"Sijameza kitu," anajibu huku akitazama dari. "Juzi jino liliniliza mpaka kukakucha, na sikumeza."

Anamfikisha. Mlango unafungwa. Msukuma vitanda anakaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Anaulizwa anatumaini nini.

"Atoke akiwa bado amenuna," anasema. "Aninunie hata miaka ishirini. Anayenuna anapumua."