Mkono wa Baba na Mguu wa Musa

Nakumbuka siku baba yetu alipotuita tumuage, mwanangu, na hasira inanipanda upya kila ninapoona vijana wa Beni wakizunguka kitanda cha mzazi, simu mkononi, wakiuliza kiwanja ni cha nani. Hasira hiyo siifichi. Nimezeeka nayo.

Ilikuwa miaka ya uasi, uhuru ungali mchanga. Waasi walipokaribia, Musa, mfanyabiashara Mwislamu wa mtaa wa Bungulu, alimwomba baba amfichie lori lake katikati ya shamba letu la kahawa. Baba akakubali, walikuwa wamekula sahani moja tangu ujana. Ndipo Paluku, kaka yangu mkubwa, akaenda mwenyewe kuwaonyesha waasi lilipofichwa, ili aonekane mwenzao. Lori likachomwa. Musa akapigwa hadi mguu ukavunjika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Waasi walipofukuzwa, baba alikuwa ameshalala kitandani, hainuki tena. Kwetu mzazi anayeaga huweka mkono juu ya kichwa cha kila mtoto, akianza na mkubwa. Paluku akapiga magoti, bila haya! Baba akaurudisha mkono wake chini ya blanketi.

"Mukono yangu haitagusa kichwa yako," akasema. "Enda ulete Musa."

Paluku akajibu, "Lakini baba, ile mambo ya camion, ile lori ya Musa, ilishaisha. Utubariki kwanza."

"Iliisha kwa nani? Yakobo alipotaka kufa, alinyamazia upanga ya batoto yake Simeoni na Lawi, yenye baliulia batu? Alibaambia ubaya yabo mbele ya bandugu yabo."

Baba mdogo, ndugu yake baba, akaingilia: eti damu ni nzito kuliko maji, eti Mwislamu ana kazi gani kwenye baraka ya Wakristo. Yeye, aliyekaa benchi la mbele kanisani kila Jumapili! Nilikuwa msichana, haikunipasa kujibu wakubwa.

Paluku akaenda. Waliporudi, Musa akiegemea fimbo, ulimi wa baba ulikuwa umeshakuwa mzito, hasemi tena. Paluku akaanguka miguuni pa Musa akilia. Musa akaegemeza fimbo yake kitandani. Kisha akautoa mkono wa baba chini ya blanketi, akauweka juu ya kichwa cha kaka yangu, akaushikilia hapo, maana baba hakuwa na nguvu.

"Muzee, mutoto yako amefika," akasema. "Miye nimemusamehe."

Baba akafumba macho, hakuyafumbua tena. Sisi wengine zamu haikutufikia, na hilo nalo linaniuma hadi leo.

Mwanangu, mkono wa mzazi si blanketi la kufunika uovu. Usiuombe huku jirani uliyemvunja anachechemea barabarani. Nenda kwake kwanza, ungali na muda. Majuto ni mjukuu. Viwanja mtapima baadaye.

Mungu wa Yakobo akulinde. Mkono wa mzazi wako ukufikie kichwani ukiwa bado na nguvu zake, usihitaji kuinuliwa na yule uliyemuumiza.