Mkono Chini ya Shali

Nianze kwa kusema hivi, ili tusipotezeane wakati: sikurudi Garissa nikiwa kichaa. Watu wa mtaa wetu wa Waberi wamesema mengi, na mengine nimeyasikia mwenyewe, maana sikio langu la kulia ni zima, ni la kushoto tu ndilo linalovuma. Nilirudi na akili zangu, na sanduku langu la chuma, na cheti cha utumishi mwema, na buti ambazo mke wangu alizitoa nje siku ileile niliyofika.

"Afande," aliniambia, "hii ni nyumba. Hapa tunavua viatu."

Alikuwa ananitania tu. Mimi nikanuna mpaka alasiri.

Utu uzima wangu wote niliumaliza kambini. Nilikula kwa filimbi, nikaamka kwa filimbi, nikazeeka kwa filimbi. Lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili, basi Kisomali changu kikabaki cha likizo, cha salamu na cha dua. Hata leo nikikasirika, Kiswahili ndicho kinachotangulia. Binti zangu wakisikia hivyo hucheka: "Aabo ameanza gwaride!" Halafu wanakwenda jikoni kwa mama yao, na kicheko kinaendelea huko bila mimi.

Nilikuwa nakaa nimeutazama mlango. Msikitini nilichagua safu ya nyuma, nikijiambia ni unyenyekevu, na haukuwa unyenyekevu wowote. Kwenye kibanda cha chai, wazee walionijua tangu nikichunga mbuzi wa baba yangu walinikaribisha vizuri, waalaykum salaam, kaa, kunywa. Kisha mazungumzo yanageuka. Walikuwa wanazungumza habari za Mandera, za mpakani, za mtoto wa fulani ambaye hajulikani alipo, na mara tu ninapokaa, habari inakuwa mvua. Mvua, mvua, mvua! Mahali ambapo mvua yenyewe hainyeshi. Nilijua wanafikiri nini, nami niliumia, kwa sababu sikuwa na wa kumpelekea habari hata kama ningetaka.

Wastaafu wenzangu wengi wamekwenda Nairobi. Wamevaa sare nyingine, ya rangi ya ajabu, wanafungua mageti ya watu na kuyafunga. Niliapa wallahi sitasimama getini. Nilitaka kuwa mtu wa hapa. Nilitaka, kabla sijafa, niwe mtu ambaye habari haibadiliki anapokaa.

Aliyenifungulia njia ni mdogo wangu. Baba yetu alikuwa dalali katika soko la mifugo, na mimi nilipokwenda jeshini, mdogo wangu ndiye aliyekishika kiti chake. Ni mtu mnene, mpole, mwenye ndevu za hina na sauti ndogo. Hajawahi kunilaumu. Alikuja nyumbani na chupa ya maziwa ya ngamia, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Walaal, ndugu yangu, kazi ya baba ni yetu sote. Njoo tukae pamoja sokoni. Lakini lazima nikufundishe mkono."

Kwa asiyejua: sokoni kwetu bei haitajwi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mkono wa kulia, dalali anawafunika kwa shali, na vidole vinaongea huko chini. Kidole kikibanwa kina maana yake, viwili vina maana yao, kiganja kizima kina yake, na kidole kikikwaruzwa kidogo maana yake ni "ongeza, usinionee." Watu wanaweza kuwazunguka mia, hakuna anayejua. Mtu aliyeuza ngamia wake kwa shida, kwa sababu ana mgonjwa hospitalini, anaondoka na heshima yake. Wanaotajiwa bei kwa mdomo ni wageni tu, wale wenye mabucha wanaokuja na malori kutoka Nairobi. Hao wanaambiwa kwa Kiswahili, kwa sauti, na watu wanatabasamu pembeni.

Basi mdogo wangu akanifundisha. Kila siku baada ya alasiri tulikaa ukumbini, mikono yetu chini ya shali yake ya miraba myekundu, chai ikipoa. Alikuwa anacheka. "Mkono wako mgumu kama ubao, walaal. Legeza. Unashika kama unamkamata mtu." Nikalegeza. Mkono wake ulikuwa na joto na jasho, mkono wa ndugu yangu, na nilipougundua usemi wake wa kwanza bila kusaidiwa, nilifurahi kiasi cha kuona haya. Mke wangu aliyekuwa anapita na sinia ya anjera akasema, "Mashallah, afande amejifunza kuongea bila kupiga kelele." Nami siku hiyo sikununa.

Kitu kimoja sikumwambia ndugu yangu. Mkono usiouona ndio wa kuogopa. Hilo ndilo somo ambalo jeshi lilinifundisha kuliko yote, na lilinifundisha kwa damu ya watu niliokula nao. Vizuizini, kote nilikofanya doria, neno la kwanza mdomoni mwangu lilikuwa mikono. Onyesha mikono. Toa mikono nje ya shuka. Na hapa nilikuwa nimekwenda kuutafuta mkate wangu chini ya kitambaa! Nilijua. Lakini nilijiambia kuwa mkono ni mkono, na watu hawa ni watu wangu, na mimi si kuruta.

Wiki za kwanza sokoni zilikwenda vizuri. Soko la Garissa ni vumbi, mbolea, moshi wa malori, bakora zikigonga migongo ya ng'ombe, vijana wenye makopo ya rangi wakitia alama mnyama aliyeuzwa. Nilikuwa nakaa kando ya mdogo wangu na kutazama. Baadaye akaniacha nifunike mikono ya wengine. Baadaye akaniambia, "Leo utanunua wewe mwenyewe. Kwa mtu unayemjua."

Mtu huyo alikuwa mzee aliyeshuka na ngamia kutoka upande wa Buna, mwembamba, amejifunga kikoi, rafiki wa marehemu baba yetu. Tulimwita adeer, yaani ami, tangu utotoni, naye alituita hivyohivyo kama ilivyo desturi, ingawa yeye ni wa watu wanaosema Kioromo. Alifurahi aliponiona. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama vile bado ninachunga mbuzi. "Umerudi," alisema. "Alhamdulillahi, umerudi." Watu wetu walikuwa wamesimama karibu, wakitazama kama mtoto mkubwa wa dalali anaweza kazi. Nilikuwa na hamu ya kuonekana, sitaficha.

Mdogo wangu akatandaza shali juu yetu. Mzee akashika kidole changu, akabana. Nikajibu. Akatabasamu, akakwaruza: usinionee. Nikaongeza kidogo. Mkono wangu ulikuwa umelegea kabisa, nilikuwa najisifu moyoni, nikimtazama ngamia wake wa mbele jinsi alivyotafuna bila haraka.

Kisha mzee akaniachia. Nikausikia mkono wake ukiondoka na kurudi, na pamoja nao kitu kigumu, na kitu hicho kikagusa kifundo cha mkono wangu kikaanza kutetemeka.

Ilikuwa simu. Simu ndogo ya mbonyezo, alikuwa ameitoa kiunoni kuizima kwa adabu, ili isitukate maneno. Binti yake alikuwa anapiga kuuliza kama ngamia wameuzwa. Sasa nayajua hayo yote. Wakati ule sikujua kitu. Mkono wangu ulijua wenyewe, au ulidhani unajua. Niliukamata ule mkono mwembamba nikauzungusha, nikasikia mfupa, nikamlaza mzee kifudifudi na goti langu mgongoni mwake, na kutoka kifuani mwangu ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nivue sare.

"Mikono! Mikono juu! Lala chini! Chini wote!"

Kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili kile.

Na wakalala. Ya Rabbi, walilala! Vijana wa rangi walibaki wamesimama na makopo yao, wakiduwaa, mmoja akisema, "Buda, ni nini sasa?" Lakini watu wa rika langu na wazee wote, wenye ndevu za hina na bakora, matajiri wa ng'ombe na maskini wa mbuzi wawili, wote walishuka kwenye mavumbi na mavi ya wanyama kama watu waliofanya hivyo mara nyingi. Hakuna aliyeuliza. Soko zima likanyamaza, zikabaki sauti za mbuzi, na ile simu iliyokuwa inatetemeka mchangani.

Niliinua macho. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mikono yake juu ya kichwa, vidole vimeshikana. Alikuwa ananitazama, na hakunitazama mimi.

Tulipokuwa wadogo, askari walikuja mtaani kwetu, wakawatoa wanaume, wakawakalisha juani uwanjani mchana kutwa, mikono kichwani. Baba alikaa hivyo. Mdogo wangu alikuwa kitoto cha kubebwa, alimng'ang'ania, hakuna aliyeweza kumtoa, baba akakaa naye pale mapajani. Akaiga. Aliweka vidole vyake vidogo kichwani kama baba, vimeshikana, mpaka magharibi. Mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kutazama kutoka dirishani, na nadhani siku hiyo ndipo nilipoamua kuwa sitakaa juani kamwe, nitakuwa upande wa wanaosimama. Watu huniuliza kwa nini niliingia jeshini, nami huwaambia kazi ilikuwa haba. Sababu ni ile.

Sijui nilikaa na goti lile kwa muda gani. Mzee ndiye aliyenitoa. Alisema kwa upole, uso wake ukiwa mchangani, "Niache nijibu simu, adeer. Mtoto ataingiwa na hofu."

Nilimwinua. Nikamfuta vumbi, nikilia kama mtoto mbele ya soko zima, nikisema astaghfirullah, nisamehe, astaghfirullah. Watu waliinuka mmoja mmoja, wakijikung'uta, bila kutazamana. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Walikuwa na aibu, wao, kana kwamba wao ndio waliokosea kwa kulala upesi hivyo. Laiti wangenipiga kwa bakora zao. Hakuna aliyeniinulia hata sauti.

Wazee walikaa kikao, kama ilivyo desturi, na jamaa zangu wakatoa mifugo ya fidia kwa ajili ya mkono ule. Nilipelekwa mbele ya mzee nimwombe radhi. Mkono wake ulikuwa na plasta hadi kwenye vidole, vidole vyenyewe vimevimba. Mkono huo ndio uliokuwa ukimsemea sokoni maisha yake yote. Alinipokea vizuri, akaniombea dua, akasema amesamehe kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya baba yangu.

Nilipoinuka kuondoka akaniambia, bila ubaya wowote, "Nilidhani umerudi. Kumbe bado."

Sikwenda sokoni kwa muda mrefu. Nyumbani binti zangu hawakucheka tena. Waliacha kabisa neno gwaride, na ningetoa chochote walirudie. Mke wangu alikuwa anaweka chai yangu mahali ninapoweza kuiona ikija. Aliniambia, "Bole bole, itabita," kwa Kiswahili chake kile, akitaka nicheke, na sikuweza.

Mwishowe nilikuwa na fahali mmoja aliyebaki katika fungu aliloniachia mama. Nikaona nimpeleke mwenyewe. Sikuwa na shida ya kuuza. Nilimpeleka kwa sababu nilitaka kushikwa mkono.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti cha baba. Alisimama, akanisalimu, akauliza habari za watoto, za mke, za sikio langu. Kisha akamzunguka fahali, akampapasa nundu, akamtazama meno. Watu walikuwa wamesogea. Nilinyoosha mkono wangu wa kulia, nikausubiri wake. Shali ya miraba ilikuwa begani kwake.

Hakuitoa. Alirudi nyuma hatua moja, akakohoa, akataja bei. Kwa sauti, mbele ya kila mtu, kwa Kiswahili cha kuwauzia wenye mabucha. Ilikuwa bei nzuri, kuliko ambayo fahali yule alistahili. Pembeni hakuna aliyetabasamu.

"Walaal," nikamwambia kwa Kisomali, "nipe mkono."

Macho yake yalijaa machozi. Akainua mikono yake, viganja wazi, vidole vimetanuka, akaishikilia kifuani pale ninapoweza kuiona vizuri.

"Mkono si hii hapa?" alisema, kwa Kiswahili bado, kwa upole, kama mtu anayesema na askari kizuizini. "Zote mbili. Unaona?"

Nikamwambia naiona.