Bosi Aliposema Bunduk

Kiarabu changu cha barabarani kitanifukuzisha kazi. Bosi ninayemwendeshea gari hapa Jeddah hukusanya bunduki za kale. Jana alikuwa akiwaambia wageni, wakusanyaji wenzake, kwamba hizi mpya za mitutu iliyopandana zinaazima tu majina makubwa ya mafundi wa zamani.

"Jina la babu, kazi ya mashine. Kwangu haziingii." Kisha akaniita: "Otieno, lete bunduk, yalla, upesi."

Nikajua anataka mfano wa kuchekwa. Nikatoa garini ile mpya aliyoinunua Riyadh na kuifunika blanketi, ambalo mimi nilidhani ni la kuzuia vumbi. Nikaiweka mbele yao.

"Hii hapa, bosi. Ile unayoipangusa kila asubuhi."

Wageni wakaangua kicheko. Bosi akafumba macho.

"Otieno, bunduk kwa Kiarabu ni njugu. Njugu za kula na kahawa."