Wino wa Picha ya Marehemu

Siku ile nilikuwa nimeshabadilisha wino wa printa mara mbili, kutoka wa rangi kwenda mweusi na kurudi, na mgongo uliniuma. Kila ukibadilisha lazima uisafishe printa na kuharibu karatasi kadhaa, mpaka wino wa zamani uishe. Ndipo akaingia mama mmoja kibandani kwangu Majengo, ametoka Makutupora na picha ya mumewe aliyekuwa amezikwa wiki ile. Aliitaka nyeusi na nyeupe.

“Shikamoo mama. Ya rangi haifai?”

“Marahaba mwanangu. Kwenye rangi ananitazama kama yu hai. Nitamtundikaje ukutani?”

Nikachomoa wino wa rangi kwa mara nyingine, nikaweka mweusi, nikasafisha. Karatasi ya kwanza ikatoka na wekundu mashavuni. Nilipotaka kuichana, akanishika mkono.

“Usimchane!”

Nikaiacha mezani. Ya pili ilitoka safi, kijivu tupu. Hiyo akasema ni ya ukutani. Ile yenye wekundu aliifuta vumbi kwa kiganja, akaitia kifuani ndani ya khanga, akaniaga. Nilikaa kwenye stuli muda mrefu, mikono imechafuka wino, nisitake kugusa kitu.