Baba Aliyegoma Kuimba

Baba alikata mkonge Mazinde miaka mingi. Tulipohamia kijiji cha ujamaa upande wa Handeni, alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima kwa sababu mwenyekiti alilazimisha. Mwalimu, binti aliyemaliza darasa la saba, alifundisha silabi kwa ngoma na wimbo: "Ma-ma, mama analima. Ma-ji, maji kisimani. Mo-to, moto jikoni." Watu wazima na heshima zao waliimba, wakakatika viuno, wakajua kusoma. Baba alikaa benchi la nyuma, amekunja mikono.

"Shikamoo, mzee. Mbona huimbi?"

"Marahaba. Nimekuja kusoma. Sikuja kuchezwa unyago."

Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Hakuwahi kumwita mama chochote ila "wewe." Wewe, chakula. Wewe, nyamaza.

Kisha akaangushwa na kiharusi katika shamba la kijiji. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakatika. Alifungua kinywa, ikatoka "ta, ta," basi. Mganga wa zahanati alisema huenda asiseme tena. Sauti ile niliiogopa tangu utoto, na sasa nilikuwa radhi kugombezwa kutwa nzima ili mradi niisikie.

Asubuhi moja nilikuwa nachambua mchicha huku nikiuimba wimbo wa kisomo bila kufikiri. Nilipofika "ma-ji," sauti nzito ikadakia kutoka kitandani: "Maji kisimani." Kila silabi mahali pake. Nikauacha mchicha, nikampelekea maji. Akanywa yote.

Mganga alitueleza kwamba maneno ya kusema yanakaa upande mmoja wa ubongo, na wimbo una njia yake upande wa pili, ambao haukuguswa. Mama akasema siku zote alijua kichwa kile kina pande mbili, ila upande mzuri ulikuwa umefichwa.

Tukaishi kwa kuimba. Akitaka uji, aliimba moto jikoni. Akikasirika, aliimba moto huo huo kwa sauti kubwa zaidi. Wimbo haukuwa na matusi, wala haukuwa na "wewe." Kumwita mkewe ilibidi aanzie mwanzo: "Ma-ma, mama."

Siku ya kwanza mama alimsikia vizuri sana. Alisimama nyuma ya mlango na mwiko wake, akamwacha arudie, na arudie tena. Kisha akajifuta macho kwa kanga, akaitika, "Abee."