Mashua Niliyoianika Juani

Mume wangu alikuwa seremala wa reli pale Voi, na mashua ile aliiunda mwenyewe kwa mbao za saiprasi, likizo baada ya likizo. Ilipokamilika akaishusha Ziwa Jipe, akarudi kazini, akatuachia mimi na mdogo wake tuvue tule. Ilikuwa miaka ya sabini. Watoto wanne walisoma kwa mashua hiyo, kwa hiyo nisilaumiwe sana kama niliilinda kwa macho makali.

Nimezaliwa Mghange, juu milimani, na kwetu chombo cha mti hakilazwi na maji. Kinu kikishaoshwa huanikwa, na mwanamke anayesahau mwiko ndani ya maji husemwa. Basi kila asubuhi shemeji akirudi kuvua, nilimsimamia mpaka mashua ivutwe nchi kavu, isuguliwe, ipinduliwe juani. Mawe yalikuwa yameshaila tumbo kwa kukokotwa huko. Wenzetu waliziacha zao zikielea kwenye mafunjo, zimeota ukijani, nami niliwaona wavivu.

Hata hivyo iliyovuja ni yangu.

Fundi wa mashua alikuwa mmoja tu, mtu wa magharibi mwa nchi, aliyekuja kukata mkonge kwenye shamba la jirani. Kwao walikuwa na ziwa kubwa kuliko letu. Jumapili alipita ufukoni na nyundo, patasi na donge la katani. Alisokota nyuzi, akazipaka lami, akazishindilia katikati ya mbao, nasi tukampa perege wa mboga. Kazi ilipendeza macho. Baada ya siku tano nyuzi zilikuwa zinaning'inia na shemeji anachota maji kwa kopo.

Mara ya kwanza nilimwita arudie. Mara ya pili alipigilia bati la debe, na maji yakapita pembeni yake. Mara ya tatu nikaanza kujiuliza: mtu anayelishwa na kuziba, atafaidika nini tundu likizibika kabisa? Nikachukua mkaa, nikatia alama kila alipoziba, nijue akija kuchokoa. Siku chache baadaye alama zilikuwa palepale, nyuzi zimetoka. Mtu mwingine angejiuliza upya. Mimi nilisema huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Alipokuja tena akaipapasa ile mashua, moto kwa jua, akatikisa kichwa.

"Mama, hii kitu usikuwe unaitoa kwa maji. Wacha ikae huko. Mbao ikikauka inasinyaa, halafu inatema katani."

Tangu lini mti ukapenda maji? Nilichosikia mimi ni kwamba anataka mashua yangu ilale majini, kwa kamba moja tu, na ng'ambo ya ziwa ni Tanzania. Hapo nikaona nimemkamata.

"Unaziba kwa mkono mmoja, unazibua kwa mwingine," nilimwambia, mbele ya wachuuzi na wenye mashua wote. "Sasa unataka nikuachie mashua nzima uibebe. Mwizi wewe!"

"Mimi, mama?"

"Wewe!"

Akakusanya vyombo vyake akaondoka. Hakuna aliyemtetea, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyemwita. Nilitembea kifua mbele.

Mvua za masika zilipoanza, mama yangu akaugua, nikapanda Mghange kumuuguza kwa wiki tatu. Niliporudi nilikuta shemeji hakuivuta mashua hata siku moja. Peke yake hakuiweza, alisema. Ilikuwa kwenye mafunjo, imejaa maji ya mvua nusu. Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Kisha tukayachota maji, tukaingia, tukasubiri mapya yaingie.

Hayakuingia. Tulikaa ziwani hadi jua la utosini, na sakafu ilikuwa kavu.

"Kumbe yule fundi alisema ukweli," shemeji akasema.

Nikamwambia apige kasia.

Jumapili nilifunga perege watatu, nikaenda kambi ya wakata mkonge kumwomba msamaha. Nyumbani kwake nilimkuta mkewe, anachambua mboga mlangoni. Alinipa stuli kwa heshima kabla hajauliza shida yangu. Mumewe hayupo, alisema. Ameachishwa kazi, amerudi kwao, na yeye na watoto wanangoja awatumie nauli.

"Ameachishwa kwa nini?"

"Msimamizi alisikia ni mwizi. Kitu ameiba hakuna mtu anaweza kutaja. Ni mama mmoja tu huko ziwani alisema, na watu wakashika." Akainua macho. "Wewe unatoka huko. Unamjua?"

Nikasema simjui. Nikampa wale samaki, naye akanisindikiza hadi barabarani akinishukuru.